Kitanda cha Pili

Simai, fundi baskeli wa Kikwajuni, alizisikia kelele za mtaa wake kabla hajauona. Alikuwa anarudi kutoka Darajani, mfukoni spoku mpya zinagongana, na moyoni mna raha ya mtu ambaye Alhamisi ijayo anaoa. Akadhani pengine watu wanatazama mpira. Alipokata kona akawakuta wamejaa mbele ya nyumba yake, wanawake kwa wanaume, na katikati yao, juu ya kitanda kipya cha samadari kilichosimamishwa uwanjani, amekaa mama yake, Bi Khamisa, miguu inaning'inia, anakula tende.

"Mama, mbona kitanda kiko nje?"

"Hiki ni cha nje," akasema Bi Khamisa. "Cha ndani kiko ndani."

Simai akaiegemeza baskeli ukutani, akaingia ndani mbiombio. Kweli, chumbani mlikuwa na kitanda cha samadari, nguzo nne, vioo kichwani, maua yamechongwa ubavuni, kimejaa chumba kizima hata mlango haufunguki vizuri. Akatoka nje. Nje napo kitanda cha samadari, nguzo nne, vioo kichwani, maua yale yale. Akaingia tena ndani kuhakikisha. Watu wakacheka.

Kitanda kile kilikuwa na hadithi yake. Kazija, mshoni wa Malindi, aliyewahi kuolewa akaachika na kuapa kwamba hatoolewa tena ila kwa mtu anayemchekesha, alikuwa amempa Simai sharti moja tu. "Sitaki bangili, sitaki sanduku la khanga," alisema. "Nilipoolewa mwanzo nililala kwenye kitanda cha kamba kilichobonyea mpaka naamka kama ndizi. Nataka samadari, Simai. Kirefu, nikikipanda nisome bismillahi." Simai akaziba pancha za mji mzima, akajinyima hata kahawa ya barazani, mpaka akakinunua kwa Bwana Bakar, muuza samani wa Mkunazini. Kimoja. Si viwili.

Fundi wa karakana aliyekuja kuviunga alikwishaondoka, lakini Mcha, hamali aliyevileta, alikuwa bado yupo, ameegemea mkokoteni wake anajifuta jasho.

"Mcha, hiki kingine cha nani?"

"Chako."

"Mimi nimenunua kimoja."

"Mimi nimetumwa viwili. Bwana Bakar kanambia, chukua vitanda viwili karakana, peleka Kikwajuni, kwa fundi baskeli. Kisha akakohoa."

"Akakohoa?"

"Akakohoa sana, kama mtu anayesema na kukohoa pamoja. Nikamwambia pole, nikaondoka."

Hapo kila mtu akawa mshauri. Mmoja akasema ni riziki, na riziki haiulizwi njia iliyopita. Mwengine akasema Simai akae kimya, muuzaji akiligundua kosa lake atakuja mwenyewe. Wa tatu alikwishaanza kupiga bei. Bi Khamisa alikuwa anakipima kitanda kwa kujirusharusha juu yake kidogokidogo, na uso wake ulikuwa umerudi nyuma miaka mingi.

"Mama, hiki si chetu."

"Sijasema chetu, mwanangu. Nimesema nakikalia."

"Kesho nakwenda kumwambia mwenyewe."

"Kesho," akasema Bi Khamisa, akajirusha tena. "Leo bado Alhamisi."

Akatokea Bi Hija, jirani wa nyumba ya pili yenye mlango wa buluu. Bi Hija alikuwa mjane, muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye kicheko ambacho kikianza hakisimami mpaka kimalize watu wote. Akakizunguka kitanda, akajitazama kwenye vioo, akaweka sawa ushungi wake.

"Hongera, Simai! Wa kwanza tunamjua, Kazija wa Malindi. Wa pili ni nani?"

Watu wakaangua kicheko, na Simai akacheka pia, kwa kuwa maneno yalikuwa ya kuchekesha. Hakujua kwamba maneno yale yalikuwa yameshaota miguu. Kabla ya magharibi yalikuwa yamevuka Mnazi Mmoja. Kabla ya isha yalikuwa yamefika Malindi, na njiani yamekua: Simai anaoa wake wawili siku moja, kanunua vitanda pacha, na huyo wa pili ni mwari kutoka Matemwe, mweupe kama nazi iliyokunwa.

*

Asubuhi ya Ijumaa Simai akavaa kanzu, akapanda baskeli, akaenda Mkunazini. Duka la Bwana Bakar lilikuwa chini, nyumba yake juu, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Bwana Bakar alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na mafuta ya mkarafuu. Mlangoni, kwenye kiti chake cha kila siku, alikuwa amekaa mkewe, Bi Mwanakheri, anashona kofia. Duka lile lilikuwa la marehemu baba yake Bi Mwanakheri. Bwana Bakar alilikuta, akaoa, akauza. Watu walisema Bi Mwanakheri hushona kwa macho na kusikiliza kwa ngozi.

"Shikamoo Bwana Bakar. Shikamoo Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Mwanakheri. "Kitanda kimefika?"

"Kimefika, Bibi. Tena kimefika na—"

"Kimefika salama!" akadakia Bwana Bakar. "Alhamdulillahi! Basi, mwari asichelewe. Nenda, Simai, nenda ukatengeneze chumba."

"Lakini Bwana Bakar, kimezidi."

"Kimezidi nini? Urefu?"

"Kimezidi kitanda."

"Kitanda hakiwezi kuzidi kitanda."

"Vimekuja viwili, bwana."

Bwana Bakar akafumba jicho moja. Akalifumbua, akafumba la pili. Akavuta nyusi juu, akazishusha, akaelekeza ndevu upande wa mkewe, kisha upande wa njia. Simai akamtazama kwa huruma.

"Bwana Bakar, umeingiwa na vumbi?"

Sindano ya Bi Mwanakheri ikasimama.

"Mimi sijapeleka vitanda viwili kwa mtu!" akasema Bwana Bakar kwa sauti ya kusikika mpaka dukani kwa jirani. "Umenunua kimoja, umepata kimoja. Ukiona viwili, kijana, hayo macho yako. Furaha ya harusi hiyo. Kanywe maji ya baridi."

"Bwana Bakar, mama yangu amekalia kimoja na kingine—"

"Maji ya baridi!"

Simai akatoka dukani kizunguzungu kimemshika. Maisha yake yote alikuwa amewaona wauzaji wakilalama kwamba wamepunjwa, hajapata kumwona anayelalama kwamba anarudishiwa. Alikuwa hajafika mbali aliposikia kandambili zinakuja mbio nyuma yake. Bwana Bakar akamshika mkono, akamvutia uchochoroni, penye kivuli na harufu ya samaki wa kukaanga.

"Wewe kijana umetaka kuniua," akasema huku anahema. "Kile kitanda ni changu. Yaani si changu. Ni cha Bi Hija."

"Bi Hija wetu? Wa vitumbua?"

"Polepole! Mcha nilimwambia, kimoja kwa fundi baskeli, kimoja kwa mlango wa buluu. Lakini Mwanakheri alikuwa pale pale mlangoni, hilo la mlango wa buluu ikanibidi nilikohoe."

"Umemposa Bi Hija?"

"Nimemgusia. Nilikwenda kununua vitumbua, nikamgusia. Akanambia, 'Bwana Bakar, kitanda changu kimevunjika mguu, nikiolewa nitalala wapi?' Mwanamke akikwambia hivyo, si umefahamu maana yake?"

Simai hakufahamu, lakini aliona haya kusema.

"Na Bi Mwanakheri?"

"Nitamwambia. Taratibu."

"Lini?"

"Taratibu, nimesema. Sasa nifanyie ihsani. Usiku huu, wewe na rafiki zako mkibebe, ni hatua chache tu mpaka mlango wa buluu. Mungu atakulipa."

Simai akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kuwaheshimu wakubwa, na neno la hapana kwa mzee lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Lakini kulikuwa na kitu ndani yake kilichokataa.

"Bwana Bakar, nisamehe. Kile kitanda kimekuja kwangu kwa makosa. Ninachoweza ni kukirudisha kwa aliyekileta. Nikianza kukigawa mimi, huyu apewe, yule asipewe, nitakuwa nimeshakifanya changu."

"Basi angalau kaa nacho mpaka Jumatatu, kimya. Nipate kufikiri."

"Nitajaribu," akasema Simai, na mara tu alipolisema akajuta.

*

Alijaribu mpaka baada ya sala ya Ijumaa. Aliporudi nyumbani, Bi Khamisa alikuwa juu ya kitanda cha nje tena, safari hii ana mto na redio ya jirani, Sauti ya Unguja inasoma habari, na wanawake wanne wamepanga mstari pembeni mwake wanachambua mchicha. Simai hakupata hata kuvua kofia. Kwenye kona ya mtaa likatokeza buibui jeusi linakuja kama upepo wa kusi, na ndani yake Kazija.

Mwanamke anayekaribia kuolewa haendi nyumbani kwa mchumba wake, mchana, mbele za watu. Kila mtu alilijua hilo, na Kazija zaidi. Ndiyo maana mtaa wote ulinyamaza. Hata redio ilizimwa.

"Shikamoo, Mama," akamwambia Bi Khamisa.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitandani."

"Ahsante. Nnataka kwanza kujua ni cha nani." Akamgeukia Simai. "Ni mweupe kama nazi, nasikia."

"Nani?"

"Huyo wa Matemwe."

"Kazija, wallahi simjui mtu Matemwe! Ni makosa ya muuzaji. Nilinunua kimoja, akaleta viwili."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia asubuhi ya leo."

"Akasemaje?"

Siri ya mtu mwengine ilikuwa kifuani mwa Simai, inamkereketa kama unga wa pilipili. Akasema sehemu aliyoweza kuisema.

"Amekataa. Anasema hajapeleka viwili."

Kazija akafungua ukaya wa buibui, uso wote ukaonekana, nyusi zimepanda.

"Simai, mimi nashona nguo za watu tangu nikiwa mdogo. Nshaona muuzaji aliyepunja kitambaa, nshaona aliyebadilisha kitambaa, nshaona aliyekula kitambaa na nyuzi zake. Sijapata kuona muuzaji anayekataa mali yake mwenyewe."

"Hata mimi sijapata."

"Basi mmoja kati yenu ni mwongo."

"Ni kweli," akasema Simai kwa unyonge. "Lakini si mimi."

Kulikuwa na kitu katika unyonge ule kilichomfanya Kazija ajiume mdomo asicheke. Akaukaza uso. Akakizunguka kitanda, akapitisha kidole juu ya maua, akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Haya. Kama ni makosa, yanarudishwa. Sasa hivi. Mchana, watu waone, isije ikasemwa kwamba kimekwenda Matemwe. Mwiteni Mcha."

Simai akaikumbuka Jumatatu ya Bwana Bakar. Akamtazama Kazija, nyusi bado ziko juu. Akakumbuka pia kwamba hakuapa, alisema atajaribu, na kujaribu alikuwa ameshajaribu tangu asubuhi. Tena mali ya dukani ikirudi dukani, hapo dhambi iko wapi?

"Mwiteni Mcha," akasema, na kifua chake kikawa chepesi ghafla.

*

Kitanda kikapakiwa mkokotenini kimesimama vile vile, kwa kuwa Mcha alisema kukifungua ni kazi ya fundi na yeye si fundi. Bi Khamisa akakataa kushuka. "Nimepata kitanda kimoja cha samadari maishani mwangu, na kinaondoka," alisema. "Nitakisindikiza." Basi akaondoka nacho, amekaa katikati, ameshika nguzo kwa mkono mmoja na mto kwa mkono wa pili, kama mke wa mfalme. Mcha mbele anavuta, Simai nyuma anasukuma, Kazija ubavuni anaongoza, na nyuma yao nusu ya mtaa. Bi Hija alifunga mlango wake wa buluu, akajitanda khanga, akaungana nao. "Hili silikosi," alisema, na Simai alipomwona roho ilimruka, lakini atamwambia nini mwanamke, arudi nyumbani?

Walipofika Mnazi Mmoja, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akakiona kitanda, akamwona bibi juu yake, akaona buibui na kanzu ya Ijumaa, akadhani ni harusi. Akapiga kigelegele. Kigelegele kikaita kigelegele. Mtu mmoja asiyejulikana akatokea na kigoma. Bi Hija hakuweza kujizuia, akaanza kuimba wimbo wa kumpeleka bwana harusi, maneno mengine akiyatunga papo hapo, kuhusu kitanda kilichochoka kungojea mtu wa kulala. Darajani wauza machungwa wakawarushia machungwa. Bi Khamisa akayadaka.

"Hii si harusi!" Simai akawa anapaza sauti kila hatua. "Tunarudisha mali ya mtu!"

"Mashaallah, mashaallah!" wakamjibu. "Mungu awape watoto wengi!"

Kazija alikuwa ameshaficha uso kwenye ukaya, mabega yanamtikisika. Simai akaingiwa na hofu kwamba analia. Akasogea karibu, akasikia anacheka mpaka anakosa pumzi, na kuanzia hapo hata yeye akashindwa, akawa anasukuma huku anacheka, mkokoteni unakwenda upogo.

Mkunazini njia ikawa nyembamba. Ikazidi kuwa nyembamba. Hatua chache kabla ya duka la Bwana Bakar, nguzo za kitanda zikagusa ukuta huu na ukuta ule, kikakwama. Mbele hakiendi, nyuma watu wamejaa. Kigoma kikaendelea.

Bwana Bakar akatoka dukani kuona ni harusi ya nani. Akakiona kitanda. Akamwona Simai. Akamwona Bi Hija. Uso wake ukapita rangi zote za vitambaa vya duka la jirani, na akageuka kurudi ndani, lakini mlangoni palikuwa pameshasimama Bi Mwanakheri, kofia na sindano mkononi.

"Bwana Bakar," akasema Kazija kwa adabu kubwa, "mimi ni mchumba wake Simai. Tumekuja kukurudishia kitanda ulicholeta kwa makosa."

"Si changu," akasema Bwana Bakar, kwa sauti ndogo sana.

"Si chako?"

"Sikijui."

"Basi vizuri. Kama si cha aliyeuza wala si cha aliyenunua, na tukipeleke kwenye mnada Darajani, kinachopatikana kitiwe msikitini. Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika watu.

"Ngojeni," akasema Bi Mwanakheri.

Hakupaza sauti, lakini kigoma kilinyamaza. Akakisogelea kitanda, akainama, akatazama maua ya ubavuni. "Haya ni maua ya karakana yetu. Baba yangu ndiye aliyeyachora mara ya kwanza, Mungu amrehemu." Akainua uso. "Mcha! Ulitumwa wapi?"

"Kikwajuni, Bibi, kwa fundi baskeli. Na pengine penye kikohozi."

Bi Mwanakheri akamgeukia Simai. Macho yale yaliyoshona kofia za watu wengi yakamshona Simai pale alipo.

"Simai mwanangu. Wewe sijasikia mtu akikusema kwa uongo. Kitanda hiki cha nani?"

Simai akaona watu wote wanamtazama: mama yake kutoka juu na machungwa mapajani, Kazija, Bwana Bakar ambaye ndevu zake zilikuwa zinatetemeka. Alitamani ardhi impokee. Akasema taratibu, neno moja baada ya jingine, kama anayevuka maji kwa kukanyaga mawe.

"Bibi, kitanda ni cha dukani kwenu. Kilikuja kwangu kwa makosa, nimekirudisha kama kilivyokuja. La zaidi ya hapo aulizwe mwenyewe aliyekituma."

Watu wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Bwana Bakar. Bi Mwanakheri naye akageuka, lakini macho yake kwanza yalipita kwa Bi Hija, yakakaa hapo kidogo, kisha yakaendelea. Bwana Bakar akatazama kushoto, ukuta. Akatazama kulia, ukuta. Mbele mkewe. Nyuma kitanda.

"Ni chako, Mwanakheri," akasema.

"Changu?"

"Chako, mke wangu. Nilitaka... nilitaka nikushtukize. Nilikuwa nakificha huko Kikwajuni mpaka Idi."

Mtu mmoja akakohoa, na kila aliyekuwa amesikia hadithi ya kikohozi akajikaza asicheke.

Bi Mwanakheri alimtazama mumewe kwa muda ambao Bwana Bakar baadaye alikuja kusema ulikuwa mrefu kuliko Ramadhani. Katika uso ule Simai aliona kwamba mama yule anajua. Anajua yote, kikohozi na mlango na vitumbua, pengine alijua tangu zamani. Kisha midomo yake ikapanda upande mmoja, akatabasamu, na alipotabasamu ilionekana kwamba wakati wa usichana wake aliwahi kutikisa mji.

"Miaka yote hii," akasema kwa sauti ya kusikika na kila dirisha, "nalala kwenye kitanda tulichorithi. Nikasema moyoni, huyu mume wangu anauza samadari kwa wake za watu, mimi hanioni. Kumbe ananiona! Jamani, mmemsikia alivyosema? Chake Mwanakheri!"

"Tumesikia!"

"Na kabati la vioo alisema analeta Idi, mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika, ingawa hakuna aliyesikia.

Bwana Bakar akafungua mdomo. Akaufunga. "Na kabati," akasema.

Vigelegele vikapasua mji. Kigoma kikaanza tena, mara mbili ya mwanzo.

Kukitoa kitanda pale kilipokwama ilikuwa kazi, na kukipandisha juu ilikuwa kazi zaidi, kwa kuwa ngazi ya nyumba ile ilikuwa nyembamba na inajipinda, haipitishi hata nguzo moja. Akaitwa fundi, akakifungua. Zikaletwa kamba, vipande vikapandishwa kwa nje mpaka dirisha la juu. Bwana Bakar mwenyewe, kanzu ameifunga kiunoni, alikuwa dirishani anavuta, na kila alipopumzika mkewe aliyekuwa chini alimwita, "Vuta, mume wangu! Vuta, kipenzi!" na watu wakaitikia "Vuta!" Bwana Bakar alikuwa mwekundu kama embe bivu, lakini mara ya nne au ya tano Simai alimwona anacheka. Alicheka kwanza kwa kuona haya, kisha akacheka kweli, na alipomtazama mkewe aliyesimama chini anaamrisha watu, mkono kiunoni, akawa kama mtu aliyekutana na mwanamke yule leo.

Bi Khamisa alishuka kitandani kwa mara ya mwisho bila kinyongo. Bi Mwanakheri alimshika mkono. "Wewe mama umenitunzia kitanda changu siku nzima," akamwambia. "Haiwezekani urudi mikono mitupu." Akamletea kutoka dukani godoro la usufi, jipya, nene, na Bi Khamisa akalikumbatia kifuani kama mjukuu.

*

Walirudi jua likielekea kuchwa, Bi Khamisa amelala chali juu ya godoro lake mkokotenini, anatazama mbingu. Bi Hija alikuwa anatembea pembeni mwa Simai, anamenya chungwa.

"Bi Hija," akasema Simai, akitafuta namna ya kuuliza bila kuuliza, "Bwana Bakar huja kununua vitumbua kwako?"

"Kila siku! Anakula kama mtu mwenye minyoo." Akatema kokwa. "Juzi alianza kunizungumzia mambo ya ndoa, sijui ya upweke. Nikaona, loo, huyu mzee nitamwambia nini asiudhike, na ni mteja? Nikamwambia kitanda changu kimevunjika mguu. Nikajua hapo atanyamaza. Mwanamume akisikia gharama hunyamaza."

Simai akasimama katikati ya njia.

"Kwani una nini?" akauliza Bi Hija. Kisha akalitazama godoro, akatazama nyuma kule Mkunazini, akamtazama Simai. Mdomo ukabaki wazi, chungwa halijafika. "Hapana!" akasema. "Kile?"

Simai akajitia kuliweka sawa godoro la mama yake. Kicheko cha Bi Hija kilianzia tumboni, kikapanda kidogokidogo, kikatoka na chungwa, ikabidi ashike mkokoteni asianguke. Mcha naye akasimama akacheka bila kujua sababu.

Kazija alikuwa nyuma kidogo, amesikia yote. Akamsogelea Simai, akamtazama kwa macho mapya.

"Ulikuwa unajua," akasema. "Tangu nilipokuja na maneno yangu ya Matemwe, ulikuwa unajua, na ukanyamaza ukaacha nikutukane."

"Haikuwa siri yangu."

"Na kama ningekuacha?"

"Ningelia," akasema Simai kwa ukweli kabisa. "Ningelia kwenye kitanda cha ndani. Kisha ningekwenda kukilalia cha nje."

Kazija akaufunika uso kwa ukaya, lakini ukaya haukutosha. Alicheka mpaka akachutama kando ya njia, na Bi Khamisa kutoka juu ya godoro akauliza kuna nini, mbona hawaendi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibu.

"Simai," akasema Kazija alipopata pumzi, machozi yakimtiririka, "hivi Alhamisi ni lazima iwe Alhamisi? Haiwezi kuwa Jumapili, kesho kutwa?"

Ikawa Jumapili.